Zamu ya Ngazi

Kadi ilikuwa na uzi mwekundu
na maandishi yaliyofifia: ZAMU YAKO KUSAFISHA NGAZI.
Niliikuta inaning'inia kwenye kitasa changu,
ghorofa ya tatu, Dundee, Novemba,
mwezi ambao huku saa kumi alasiri ni usiku.

Nikaihamishia kwenye kitasa cha jirani.
Baada ya wiki sita ikarudi. Nikaihamisha tena.
Mimi, mwenye miaka thelathini na sita,
mwenye ndevu na shahada mbili,
ninayelipa karo ya wadogo zangu Korogwe,
niliyekalishwa mkekani na wajomba nikaambiwa,
"Sasa wewe ni mtu mzima,"
nikaitikia, nikapokea kanzu na saa ya mkononi
kana kwamba utu uzima ni kifurushi cha posta:
unatia sahihi, unaondoka nacho.

Saa ile ilisimama kabla sijafika Heathrow.

Ngazi zilikuwa safi siku zote.
Sikujiuliza. Mtoto hajiulizi
nani kajaza mtungi.

Hata Jumamosi moja, barafu imeganda mpaka kizingitini,
nashuka mbio, muziki masikioni,
nikamkuta Bi Moira Geddes wa ghorofa ya kwanza
kapiga magoti kwenye kipandio cha kumi na moja,
gazeti kalikunja chini ya goti lake bovu,
anasugua.
Ndoo inafuka mvuke.
Wiki ile zamu ilikuwa yangu.
Akainua macho, akaisogeza ndoo
ili nipite.

Angenitukana ningejua la kujibu.
Majibu ninayo tele: baridi, kazi za usiku,
sisi kwetu, ninyi huku.
Nilitamani hata aseme lile la shangazi zangu,
mtu mzima hovyo!
Alisema tu, "Shika ukuta, Mina, panateleza."
Mina. Miaka mitatu ile H ya Mhina imemshinda,
na miaka mitatu sikubisha mlango wake
hata mara moja kumfundisha.

Nikapita.
Naliandika hili lisije likapotea:
nilipita.
Basi likaja kituoni, likafungua mlango, likaufunga,
dereva akanitazama kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Niliporudi sikuwa na maneno mazuri.
Nilisema, "Nipe."
Akasema, "Maji yamepoa."
Nikapanda kuchemsha mengine.
Goti langu lilipogusa jiwe
ubaridi ulipanda hadi kwenye jino lililozibwa.
Yeye akakaa vipandio viwili juu yangu,
mikono mapajani, mkaguzi:
"Pembeni. Uchafu hukaa pembeni.
Katikati watu wanapasafisha kwa viatu."

Hakunishukuru. Ningemshangaa.

Usiku nikaligeuzageuza neno letu kitandani.
Mzima ni asiyepungua.
Mzima ni asiyeumwa.
Kisha likalala ubavu wa pili, nikaliona jingine:
mzima ni yule anayezima.
Anayebaki nyuma wenzake wakishalala,
akagusa jiko kama limepoa,
akakaza bomba, akatia komeo,
akazima taa moja moja mpaka ya mwisho
na kurudi gizani kwa kupapasa, ili wengine
wasipapase.
Baba alikuwa hivyo kila usiku.
Mimi nikidhani ni ubahili.

Jumapili Mama akapiga simu.
"U mzima, mwanangu?"
Swali hilo huwa nalijibu kabla halijaisha,
mzima, mzima, huku nasoma kitu kingine.
Safari hii nikakaa kimya kidogo.
Magoti yalikuwa bado yanauma.
"Sijambo, Mama," nikasema. "Hilo jingine bado."

Akacheka bila kuelewa,
akaniuliza nimekula nini.