Kipande Kilichokataliwa

Nimekileta Kuze ndani ya kopo la halua,
kimelala juu ya pamba: kipande cha kioo
kisichofika upana wa kiganja.
Baba akishika ukingoni, ajitazama ndevu.
"Kina nini? Mbona chang'ara?"

Kwa nuru ya dirishani, baba, hakina ila.
Lakini hakikuundiwa nuru hii.
Kuna mwanga uliovuka urujuani,
ukavuka na urujuanimno hadi pembeni kabisa,
ambako hata hewa huumeza;
wimbi lake nanomita kumi na tatu na nusu.
Uso mmoja hauwezi kuurudisha.
Twaupangia matabaka,
molibdenamu, silikoni, molibdenamu, silikoni,
jozi arubaini, kila moja irudishe kidogo,
na vidogo hivyo vikutane kwa hatua moja.

"Kama niru," asema.

Kama niru. Chokaa juu ya chokaa,
kisha jiwe laini la pwani, akisugua
mpaka ukuta ukatoa uso.

Basi chini, kabla ya tabaka la kwanza,
palibaki kinundu.
La kwanza likakifunika, nalo likavimba.
La pili likavimba juu yake. Hadi la themanini
mgongo ni ule ule,
na kila mgongo hutupa mwanga kando,
na mwanga uliotupwa nao huungana, ndio ubaya wake:
ukungu kuizunguka picha,
mstari uliotakiwa mweusi wageuka jivu.

"Kimo chake?"

Nusu nanomita.
Unywele wako mmoja wakizidi mara laki na ushei.

Acheka mpaka akohoa.
"Mishi, hilo si kosa. Huo ni wasiwasi."

Kwa taa hii, ndiyo, wasiwasi.
Fupisha wimbi mara arubaini,
mtawanyiko wazidi mara elfu moja mia sita.

Hajibu. Ainuka, azima taa ya dari,
achukua simu yangu, ailaza ubavuni mwa ukuta
mwanga uambae, kama alivyokagua kazi kwa kandili.
Sebule niliyoijua laini yajaa vivuli.
Kidole chake, ambacho siku hizi chatetemeka,
chaenda moja kwa moja juu ya swichi.

"Hapa. Mwaka uliozaliwa. Chembe ya mchanga.
Niliiona kwenye mkono wa pili wa chokaa,
na adhana ishatoka,
n'kasema itajifunika."

Naweka kiganja.
Sisikii kitu.