Kiraka cha Kipanga

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Ya koti hili tulikuwa tukiijua wawili, mimi na pasi,
na pasi ilitupwa mwaka ule studio ilipohamishwa
kuletwa huku Yuen Long, ubavuni mwa gereji za malori.

Jumatano, saa nne usiku. Redio inatangaza farasi wa Happy Valley.
Mimi Lau Pui-king, mshonaji, kibarua wa siku,
nimeweka dola ishirini kwa namba saba
na mkono wa kushoto wa koti la shujaa mezani.
Namba saba akachomoka konani.
Nikasimama.
Pasi haikusimama nami, ililala.
Nilipoinamisha macho, moshi umekwisha kunitangulia.
Farasi akawa wa nne.

Na asubuhi wanapiga picha!
Jora la bluu ile lilikuwa la mwisho Sham Shui Po.
Nikaiba upindo wa gauni la bibi harusi wa filamu nyingine,
satini nyekundu, upana wa kiganja,
nikatia kiraka kabla birika halijachemka.
Mwongozaji akakitazama, akakigeuza.
Kizuri, akasema. Kina historia.

Historia.

Miaka ishirini na sita, filamu nne.
Kipanga wa Mto Lulu amepigana juu ya mianzi, ndani ya kiwanda cha barafu,
amevunja madirisha ya vioo vya sukari
hadi sisimizi wakamfuata hospitali.
Watoto wa Kowloon walishona viraka vyekundu kwenye sare za shule,
wakaadhibiwa, wakashona tena.
Fung Wing-kei aliyemwigiza
siku hizi hapandi ngazi bila kuyaomba radhi magoti yake.

Basi hii ni ya tano: Kipanga alikotoka.
Nimeletewa mswada nijue nguo.
Ukurasa wa kumi na mbili, pini zimo mdomoni mwangu:
nyumba inaungua, mama anarudi ndani,
anamsukuma mwanawe dirishani, mkono wa mtoto umeshika moto,
anararua gauni lake la harusi, anamfunga,
paa linaanguka.
Nikazitema pini, moja moja.

Nikashona makoti sita madogo, maana moto haufanyi mazoezi.
Mtoto ni Szeto Lok, miaka kumi na mmoja, baba yake fundi lifti Tuen Mun.
Teke lake hufika kabla ya sauti yake.
Hapendi kuguswa shingo ukimpima.
Waya kiunoni, magodoro nje ya picha,
mwalimu wa mapigano anahesabu: kwenye nane, paa.
Mara ya kumi na tisa mtoto hakuingoja nane.
Aliurudia moshi, akimtafuta mama
ambaye mchana walikula naye tambi bakuli moja.
Kamera hazikuzimwa.
Nami na sindano yangu, uzi umeshatungwa, nalia
kwa ajili ya upindo wa wizi.

Nikimvua akaniuliza: Shangazi, koti la kwanza lilichomwa na nani hasa?
Farasi, nikamwambia.
Akacheka. Akaacha kucheka.
Alishinda?

Koti la sita sikuwapa watu wa moto.
Nililichoma mwenyewe nyumbani, kwa pasi, redio nimeizima,
nikahesabu hadi nane.

Sinema ya Mong Kok, kiti cha nyuma kabisa.
Tundu la mkono likajaa ukuta mzima:
ncha juu, mabega mawili, kitako bapa.
Pasi! Pasi tupu, mbele ya watu mia nne.
Nikajiziba mdomo kwa shali.

Mbele yangu kijana akamnong'oneza mwenzake:
Umeiona ile alama? Ni ya mkuki.
Mkuki wa nani?
Wa baba yake.
Baba yake hatujaonyeshwa.
Ndiyo maana.

Taa hazijawashwa,
nami nimeshaanza kupiga hesabu ya vitambaa.