Nalipwa Kuvunja

Nje, Lappeenranta, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Ndani nalipwa kuvunja vijiti vya plastiki.

Chenye chaki, punje za mviringo,
kilikatika kama biskuti; sikumaliza hata kahawa.
Chenye talki, vigamba vilivyolaliana,
kilipinda, kikasita, kikaenda zake.

Kisha hiki: jiwe jeupe la machimbo yetu,
ambalo hata ulisage vipi
hubaki sindano.
Mashine iliguna. Kijiti kikagoma.
Urho akapiga makofi, akawaita wa ofisini.

Mimi nilinyamaza.
Sindano hulala zote kule plastiki ilikotiririkia,
kama nyasi baada ya mafuriko.
Keshokutwa nitakata kingine kwa mapana,
nikibonyeze.
Upande huo bado haujapigiwa makofi.