Kisanduku cha Kumi na Saba

Fomu ina kurasa ishirini na mbili.
Jina la babu nimelijaza, la babu yake babu nimelikisia,
shule, chanjo, kijiji, deni la baiskeli
lililokwisha Mfunguo Tatu.
Kalamu ilikwenda kama mtu anayerudi kwao.

Kisha kisanduku cha kumi na saba:
Taja yeyote asiye raia aliye na ukaribu nawe.
Na mstari mmoja tu,
mfupi kuliko kidole gumba.

Ukaribu upi, jamani?
Shangazi Nyamvula yuko Vanga;
ukipiga chafya uani kwake, Jasini wanakuombea afya.
Huyo nilimwandika. Shangazi si siri.

Siri ni Ndaro Mwachai,
wakala wa forodha pale Horohoro,
anayekuja Alhamisi, anayeondoka Ijumaa
kabla ya kengele ya baiskeli ya muuza maziwa.
Miaka minne.
Barabara ya Kumi na Nne nzima inajua,
na Barabara ya Kumi na Nne nzima inajifanya haijui.
Ndiyo adabu ya Ngamiani.
Mama tu ndiye aliyewahi kuuliza:
"Huyo anayevua viatu mlangoni, anavaa namba ngapi?"
Tisa, nikasema.
"Basi si mwizi. Mwizi havui."

Bwana Kabyemera wa upekuzi alikuja,
soksi za kijivu juu ya mkeka wetu.
Hakufoka. Alisifu vitumbua.
"Hatumkatazi mtu kupenda," alisema.
"Chumba cha redio bandarini kina milango miwili ya chuma.
Wa tatu ni wewe.
Na tunayemhofia si yule uliyemwandika, dada.
Ni yule ambaye mtu anaweza kukutisha kwa jina lake."
Akaomba maji. Akaniachia fomu hadi Jumatatu.

Nikaandika.
NDARO MWACHAI, herufi kubwa, na namba ya simu.
Palipoandikwa *uhusiano* nilikwama.
Mpenzi? Linanukia kadi ya Idi.
Rafiki? Uongo wa kitoto.
Mchumba? Posa ililetwa na nani?
Nikaandika: *mtu wangu*.

Hapo nikashtuka.
Miaka minne hapajawahi kuwa na karatasi
yenye majina yetu mawili,
hata risiti ya gesti.
Serikali ndiyo iliyotuozesha,
nakala tatu, bila kungwi, bila ubani.

Alhamisi nikamwambia.
Alikuwa anamenya chungwa la Muheza,
ganda likishuka refu, zima, kama alivyozoea kujionyesha.
Likakatika.
"Umeniandika?"
Halafu, polepole, akiliangalia chungwa:
"Na wakija kuuliza kwangu, Lunga Lunga,
watakayemkuta mlangoni
atawaambia wewe ni nani?"

Watakayemkuta mlangoni.
Sikuuliza jina. Fomu haikuwa na kisanduku chake,
na mimi nilikuwa nimeshasaini kwamba
*niliyoyaeleza ni kweli kwa kadiri ya ufahamu wangu*.

Jibu la bandarini halijatoka.
Bwana Kabyemera akipita na pikipiki hunipungia,
kwa heshima, kama mtu aliyekuona ukioga
na hataki ujue.

Alhamisi tatu sasa.
Mama anafagia kibarazani asubuhi,
na akifika pale pa viatu namba tisa
fagio linazunguka.