Mita Moja na Nusu

Dalali Lusekelo alikuja na mwavuli na ushauri.
Alivua viatu mlangoni, akapapasa kuta
kama mtu wa mnadani anayepapasa mbavu za ng'ombe,
akasema: nyumba ni nzuri, ila inasimulia mno.
Ipakeni rangi ya maziwa.
Rangi ya maziwa haina ukoo.

Ambindwile akapiga simu kutoka Dar:
dada, fanya anavyosema, ada za watoto zinanisubiri.
Nikafanya.
Nikaondoa kalenda sita za ushirika wa chai,
kila moja imetundikwa juu ya mwenzake wa mwaka uliopita,
chini yake nikakuta mraba wa bluu niliousahau,
bluu ya mwaka ule tulipoezeka bati.
Nikashusha picha za vipaimara.
Nikatoa vitanda viwili ili chumba kionekane kikubwa,
chumba tulimolala sita
bila kujua kwamba ni kidogo.

Ukuta wa jikoni ulinishinda.
Pale juu ya benchi, karibu na mafiga,
mama aliegemeza kichwa akingoja ndizi ziive.
Miaka arobaini ya moshi na mafuta ya nywele
hadi ukuta ukashika alama, nyeusi, yenye kung'aa,
upana wa kisahani cha chai.
Nikapaka mkono wa kwanza. Asubuhi ikarudi.
Nikasugua kwa msasa, nikapaka wa pili.
Ikarudi, hafifu,
kama mtu abishaye hodi kwa adabu.
Sogeza kabati, akasema Lusekelo.

Na makaburi?
Yako nyuma, kwenye migomba, la baba na la mama.
Kaburi linashusha bei, alisema akitazama soksi zake.
Panda maua mbele. Usiyataje mpaka mmeshikana mikono.
Nikapanda. Tukuyu maua hayasubiri kubembelezwa,
ukichomeka fimbo leo,
kesho unaiomba njia.

Tulichagua Septemba,
mwezi ambao mvua huona aibu kidogo.
Nikafagia uwanja mara mbili,
nikachemsha chai ya tangawizi ifukuze harufu ya rangi.
Mnunuzi alikuwa muuguzi mstaafu, Bi Atuganile,
akapita vyumba vyote bila neno.
Lusekelo alisema kwa niaba ya wote:
umeme upo, maji yapo, barabara inapitika mwaka mzima,
Mlima Rungwe unauona ukiwa kitandani.
Rungwe ulikuwa umejifunika ukungu tangu Jumapili.

Jikoni Bi Atuganile akaomba kukaa,
kilima kilikuwa kimemchosha miguu.
Kabati lilibana benchi. Akalisukuma kwa nyonga,
akakaa, akaegemeza kichwa.
Palepale.
Akafumba macho, akasema: hapa pana joto.

Kitu kikanishika kooni, nikadhani kikohozi.
Kumbe maneno.
Nikasema bati la chumba cha watoto linavuja.
Nikasema maji huja Jumanne na Ijumaa, yakipenda,
na barabara, mwezi wa nne, humeza hata trekta.
Nyuma ya pazia lile kuna ufa.
Kwenye maua yale kuna watu wangu wawili.
Lusekelo akaanza kukunja mwavuli
ambao ulikuwa umekunjwa tayari.

Bi Atuganile akatoka, akasimama kwenye maua,
akasoma jina la mama kwa sauti, taratibu,
kama anayemwita mgonjwa aliyefikiwa na zamu.
Subilaga.
Kisha akaniuliza:
njia ya kuja kupalilia, mtataka upana gani?

Sikuwa na jibu.
Nikapima kwa macho: watu wawili wapishane,
kila mmoja na jembe lake begani.
Mita moja na nusu, nikasema.

Alipunguza milioni mbili kwa ajili ya bati.
Ambindwile hajanisamehe.
Mita zetu ziko ukurasa wa pili wa mkataba,
chini ya mstari unaotaja mfereji na mparachichi,
mwenyekiti akagonga muhuri wake juu.

Mvua ilianza tukitia saini.
Nikainuka, nikamwongoza mwenye nyumba
hadi chumba cha watoto,
nikamwonyesha ndoo inapokaa.