Wifi Kizimbani

Niliapa kwa mkono wenye manjano kuchani.
Sangli yetu yote ni manjano: maghala, mitaro, hata mafua yetu,
na kaka yangu Dattatray ni mpimaji wa ghala la tatu,
miaka ishirini na miwili mbele ya mizani,
hajampunja mkulima hata gramu.
Hilo nililisema kwanza. Wakili wake akatabasamu.

Alimpiga?
Hapana.
Mlevi?
Hata chai hunywa nusu kikombe.
Ana mwanamke nje?
Nikacheka, Mungu anisamehe, mbele ya jaji.

Basi huo ukatili uko wapi, mama?

Nikaomba maji. Mvua ilikuwa inapiga bati,
karani ananingoja, vidole juu ya mashine
kama kunguru juu ya waya.

Uko mkobani mwake, mheshimiwa.
Kila asubuhi, kabla ya viatu,
hung'oa kichwa cha mtungi wa gesi,
hukifuta kwa leso, hukilaza
kando ya bakuli lake la chakula,
akaenda nacho kazini.
Tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni
nyumba ile haina moto.
Vaijayanti alijifungua Januari.
Maji ya kumwogesha mtoto aliyapasha juani,
juu ya paa, kwa sufuria iliyoungua,
jua likisogea naye akisogea.

Nilimkuta huko. Sikuuliza.
Nilidhani wanabana matumizi.
Andika na hilo, karani: wifi alidhani.

Usiku hupima mchele. Ukipungua hafoki.
Anaandika.
Miezi kumi na mmoja hakumtaja kwa jina;
humwambia mtoto asiyejua hata kukaa,
"Mwambie yule, chumvi imezidi,"
na yule yupo, ameshika kijiko,
kati yao hakuna hata hatua mbili.

Wakili akasema, kwa upole wa mtu aliyelipwa,
vikombe vya kabati moja havikosi kugongana.
Kweli, bwana.
Lakini hapa kikombe kimoja kimekaa kimya
na kingine kinagongwa kila siku, mahali palepale,
polepole, kwa kijiko,
nanyi mnatafuta ufa kwa macho.

Sheria yenu ina neno moja, ukatili.
Haikutaja uzito wake.
Kaka yangu angeweza kuwapimia.

Mara moja alinikimbilia, mwaka mto Krishna ulipoingia sokoni,
sari imelowa mpaka magotini, mtoto amefungwa kwenye kanga ya mama yake mzazi.
Nikampa maziwa ya moto. Akayashika tu kikombeni,
hakunywa, aliyashika,
mikono miwili, mpaka yakapoa.
Kisha nikamwambia ndoa ni kuvumilia,
nikamsimamishia bajaji,
nikalipa mwenyewe. Rupia arobaini.
Hizo ndizo ninazolipa leo.

Damu nzito, wananiambia. Nani aliipima?
Mama yetu ameketi safu ya pili, amenipa kisogo,
na kisogo cha mama ni hukumu isiyokatiwa rufaa.

Jaji akaandika, akaahirisha mpaka tarehe kumi na tisa.
Vaijayanti alipita mlangoni bila kunishukuru,
na alikuwa na haki.

Nje, chini ya ukumbi, watu wanangoja mvua ipungue.
Kaka akafungua mkoba kutoa mwavuli
nikasikia chuma kikigonga bakuli.

Mke ameondoka tangu Agosti.
Anayeishi naye sasa ni mama.

Nikamsogelea. Alikuwa amekunja mikono kwapani,
vidole vimepauka, ingawa baridi haikuwa ya kutisha.
Mama, nikamuuliza,
leo umekunywa chai?

Akaitazama mvua.
Akasema barabara imeharibika sana upande wa stesheni.