Ngazi Kabla ya Masika

Jumamosi hii ngazi iko kwetu.
Juzi ilikuwa kwa Msangi, jana kwa Bi Zaituni,
na nani aliyeiacha hapa Pasua hakuna anayekumbuka:
fundi umeme, wanasema, aliyemfuata mke Kahama
akaota mizizi hukohuko.
Imekosa kidato cha tatu. Sote twajua.
Hata watoto wakiipanda huruka palepale
bila kutazama.

Februari inajikokota na ndala zake.
Vumbi limeyapaka majani ya mparachichi
rangi ya bati kuukuu,
na mbwa wa Kimambo amejichimbia shimo
chini ya pipa, pale linapovuja,
habweki hata apite mgeni, hata apite mwizi.
Maji ya bomba yanakuja usiku wa manane.
Tunaamshana kwa kugonga ndoo,
tunapanga foleni na kanga za kulalia,
na huko kwenye foleni, nikiri,
ndiko ninakocheka kuliko mahali popote.

Saa kumi jioni nimepanda,
kopo la lami mkononi, misumari mdomoni,
gunia chini ya magoti, maana bati linachoma.
Kutoka juu tundu halionekani.
Kutoka ndani yanaonekana yote.
Basi Aikande amesimama juu ya meza na njiti za ufagio,
kila akiona nuru anachomeka.
“Hapa, mama! Na hapa!”
Paa langu linaota nyasi,
njiti moja, njiti mbili, kumi na nne,
nami natambaa nyuma yake nikipalilia.

Huku juu mtaa wote uko wazi kama sinia.
Joto limetutoa ndani, tumehamia uani:
Elinami ametoa kochi, ametoa na televisheni,
waya umepita dirishani, na nusu ya mtaa
imekaa kwake ikibishana na refa.
Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimegongana,
mchana mzima hakuna anayemkaribisha mwenzake chochote.
Elinami ameacha mbege siku arobaini.
Akipita kwa Mama Ndeshi anageuza shingo
autazame mlima,
na mlima wenyewe, tangu saa tatu asubuhi,
umejifunika blanketi.

Sasa unafunua. Kwanza bega,
halafu ile theluji kidogo iliyobaki,
halafu mtu anasema “haya, umetoka,”
na hakuna anayenyanyuka, ila wote wanatazama.

Adhana.
Bi Zaituni anapitisha bakuli juu ya ua wa michongoma,
magimbi ya nazi, moto, yamefunikwa na sahani.
La jana bado ninalo.
Bakuli halirudi tupu, na ndizi zangu hazijaiva,
nimelificha kabatini kwa aibu.
“Shuka ule!” ananipigia kelele,
“hilo bati halikimbii!”

Limebaki tundu moja, juu ya mlango.
Aikande anakataa kuchomeka njiti.
Nuru yake, anasema, ikifika mguu wa meza
ndipo Ndeshi anatoka darasa la ziada,
wanakwenda kuruka kamba.
Mvua ikija? Ataweka kikombe.
Kikombe gani? Cha baba, chenye ufa.

Kusini, huko kwenye miwa, wingu limekaa
zito, halisogei, limenuna.
Msangi analiona, anasema bado.
Kimambo analiona, anasema wiki moja.
Mimi nalinusa, sisemi kitu,
nataka hizi jioni ziendelee kidogo,
na kochi la watu nje, na foleni ya maji,
na vumbi, sawa, hata vumbi.

Nashuka na mikono myeusi.
Kimambo yuko chini tayari, amekuja kuchukua ngazi,
kesho ni zamu yake.
Namwambia, angalia kidato cha tatu.
“Najua,” anasema,
anaiweka begani, na mbwa, kwa mara ya kwanza leo,
anainuka.